Mtoto ametumwa sigara, nimemrudisha bila kitu, baba yake amenijia juu. Sheria inasemaje hasa?

DukaLaKisauni (mleta mada)

Assalaam aleikum, na habari za jioni wanajamvi.

Nina duka la mtaani hapa Kisauni, Mombasa. Unga, sukari, mafuta ya kupima, sabuni ya kipande, kredi ya simu, na sigara. Sigara ziko kwenye rafu nyuma yangu, na pakiti moja huwa imefunguliwa kando ya mizani. Kiberiti cha gesi nimekifunga kwa kamba kwenye nondo za dirisha. Mwenye duka yeyote hapa anajua ninachozungumzia.

Jumamosi magharibi alikuja mtoto wa jirani, yuko Gredi ya Nne. "Baba amesema umpe mbili, na peremende moja yangu." Mtoto huyu namjua tangu akibebwa mgongoni, na siwadanganyi, nimempa hizo mbili mara nyingi sana. Lakini wiki mbili kabla nilikuwa nimemkuta nyuma ya ukuta wa duka na mwenzake. Alikuwa ameibana sigara midomoni, haijawashwa, anapuliza moshi wa kuigiza na mwenzake anacheka. Sikusema kitu siku ile. Sigara ile ilitoka mkononi mwangu, na jambo hilo limenikaa kooni.

Basi Jumamosi nikampa peremende, nikamrudishia pesa, nikamwambia, "Mwambie baba aje mwenyewe."

Haikupita robo saa mzee akafika. Ni mtu ninayemheshimu. Tunaswali msikiti mmoja, na nilipofungua duka alinikopesha pesa za rafu. Akaniambia mbele za watu, "Umenivunjia heshima. Mtoto nimemtuma mimi, hanunui yeye. Wewe umekuwa serikali?" Nikanyamaza. Tangu siku ile salamu yake imekuwa ya mdomoni tu.

Nauliza wajuvi wa sheria. Mtoto aliyetumwa na mzazi wake anahesabiwa mnunuzi? Na hii ya kuvunja pakiti na kuuza moja moja, ambayo kila duka linafanya, imeruhusiwa au imekatazwa? Na afisa akija dukani ana mamlaka gani juu yangu? Nataka kujua nimesimama wapi kabla sijaenda kumwomba mzee radhi au kumweleza.

Bwana_Mtaa

Pole ndugu. Umejitafutia ugomvi na jirani kwa jambo ambalo halina mwisho. Ukikataa wewe, mtoto atavuka barabara apewe na duka la pili. Jioni sigara itavutwa vilevile, na wewe utakuwa umepoteza mteja na rafiki. Sheria tunazo nyingi vitabuni. Maafisa tunaowaona huku wanakuja mwisho wa mwezi kuchukua chai na kuondoka.

MamaWaWatatu

Bwana Mtaa, sikubaliani nawe hata kidogo. Huyo atakayevuka barabara ni mtoto wa watu. Kama maduka yote yanasubiri duka la pili lianze, nani ataanza?

Mleta mada, umefanya vizuri. Huku kwetu kuna kibanda kinatazamana na lango la shule, na wavulana wananunua wakiwa wamevaa sare. Nimesikia sheria inasema mita 300 kutoka shuleni. Ni kweli? Nikipata hakika nitakwenda kwa chifu na karatasi mkononi.

Afisa_Mstaafu

Mwanangu DukaLaKisauni, nimefanya kazi ya afya ya umma Pwani miaka 27 kabla ya kustaafu, na nimeingia madukani kama lako mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu umeuliza kwa nia safi.

Sheria inayokuhusu ni Sheria ya Kudhibiti Tumbaku, Nambari 4 ya 2007. Ilianza kutumika Julai 2008. Kenya ilikuwa imeridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya tumbaku tangu 2004, na sheria hii ndiyo iliyouleta mkataba ule hadi kwenye dirisha la duka lako.

Swali la mtoto kwanza. Sheria inamkataza mtu kumuuzia aliye chini ya miaka 18 bidhaa ya tumbaku. Haiulizi nani ataivuta, wala haiulizi pesa zimetoka mfuko wa nani. Inaangalia mkono unaopokea. Mkono ule ukiwa wa mtoto wa Gredi ya Nne, wewe umemuuzia mtoto, na ukifikishwa mahakamani mzee hatasimama kizimbani badala yako. Kwa hiyo hukumvunjia heshima. Kilichokosekana ni kuwa hakuna aliyewahi kumweleza, na hata wewe ulikuwa humjulishi maana kila siku ulikuwa unampa.

Kuna kitu kingine ambacho wenye maduka wengi hawakijui. Unatakiwa uwe na tangazo linaloonekana, linalowaambia wateja kwamba kuwauzia walio chini ya miaka 18 ni marufuku kisheria. Si pambo. Tangazo lile ni ngao yako. Mzee akikasirika unanyoosha kidole ukutani, na maneno yanakuwa ya sheria, si ya kijana aliyemkosea adabu jirani.

Sasa moja moja. Sheria hairuhusu sigara kuuzwa nje ya pakiti yenye sigara zisizopungua kumi. Kwa hiyo ile pakiti iliyo wazi kando ya mizani yako ni kosa, na ni kosa la kila siku. Najua kila duka linalo. Hilo halilifanyi kuwa halali.

Na usidhani waliotunga walikuwa wakimwonea mtu wa kipato kidogo. Tafakari sigara inapotoka kwenye pakiti inaacha nini nyuma. Inaacha onyo la afya, ambalo sheria ilitaka liwe kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Inaacha picha. Inaacha stempu ya ushuru. Inabaki kijiti cheupe kisichosema chochote, kwa bei ambayo mtoto anaweza kuilipa kwa chenji ya mkate. Kila kinga iliyowekwa imebandikwa kwenye pakiti. Wewe ukiichana umezitupa zote pamoja.

Mengine nitayapitia upesi. Mashine ya kujiuzia sigara hairuhusiwi. Mteja hatakiwi kujichukulia pakiti mwenyewe kabla ya kulipa, ndiyo maana zikae nyuma yako. Matangazo, mabango ya kampuni, saa ya ukutani yenye nembo, mwavuli wenye nembo, zawadi kwa anayenunua pakiti mbili: vyote hivyo ni marufuku, hata kama aliyekuletea amekuahidi kukupakia rangi duka zima. Na zile peremende au vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa umbo la sigara usiziweke, navyo vimekatazwa.

Ugoro nao ni tumbaku. Wenye kuufunga kwenye vikaratasi na kuuza sokoni wengi wanadhani sheria ni ya sigara peke yake. Sheria inataja ya kuvutwa, ya kunyonywa, ya kutafunwa na ya kunuswa.

Mama wa Watatu, mita 300 unazozisikia ni za Sheria ya Vileo ya 2010, zinahusu leseni za baa na maduka ya pombe karibu na shule. Watu huzichanganya. Lakini kesi yako ina nguvu bila hizo mita: mvulana aliyevaa sare ya shule ya msingi hawezi kumwambia mtu kwamba alidhani ana miaka 18. Nenda ofisi ya afya ya umma ya wadi au kaunti ndogo yako, andika barua, taja siku na saa, na uombe nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua yenye muhuri haipotei kirahisi.

Jumla_Kongowea

Mzee wetu ameeleza vizuri, na mimi naomba niseme upande wa biashara kwa sababu niko kwenye jumla hapa Kongowea na wateja wangu ni watu kama mleta mada.

Mwenye kibanda havunji pakiti kwa ukaidi. Anavunja kwa sababu wateja wake ni wajenzi, makuli na watu wa boda, wanalipwa jioni na kula jioni. Pakiti nzima ni chakula cha nyumba. Tena moja moja ndiyo yenye faida. Bei ya kila kijiti hupandishwa kidogo, na ukimaliza pakiti umepata zaidi ya ambavyo ungepata ukiiuza nzima. Pamoja na sigara anauza peremende, anauza maji, anauza kredi. Ukiondoa sigara moja moja unaondoa sababu ya mtu kusimama dirishani. Naitii sheria, lakini tusizungumze kana kwamba haina gharama kwa mtu mdogo.

Na jambo jingine, ndugu zangu wa rejareja: stempu. Kila pakiti halali ina stempu ya ushuru ya Mamlaka ya Mapato. Simu yako inaweza kuikagua kwa programu yao inayoitwa Soma Label. Akija kijana na begi, anakuuzia bei ya chini kuliko jumla, na pakiti haina stempu au stempu inabanduka kama plasta, usinunue. Kukutwa na bidhaa ya ushuru isiyo na stempu ni kosa chini ya Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015, na hapo hutazungumza na watu wa afya tena. Nimeshuhudia mwenye duka akibebewa shehena yote kwa sababu ya katoni mbili alizoziona rahisi.

Bwana_Mtaa

Jumla umesema ukweli wangu. Na wakija hao maafisa, sisi tunajuaje nani ni afisa na nani ni tapeli? Mwaka juzi walinijia wawili, wamevaa fulana za kawaida, wakasema ni watu wa tumbaku. Wakaiona pakiti iko wazi, wakanitajia faini iliyonitoa jasho, halafu wakasema tumalizane. Nikatoa. Sina risiti wala jina la mtu. Mnaniambia nitii sheria; sheria niliyokutana nayo mimi ndiyo hiyo.

Afisa_Mstaafu

Bwana Mtaa, hilo limenichoma, na sitalitetea. Uliibiwa.

Afisa aliyeidhinishwa chini ya sheria hii anayo mamlaka ya kuingia dukani, kukagua, kuchukua sampuli na kuzuia bidhaa. Lakini anapewa cheti cha kuteuliwa, na ukimwomba akuonyeshe ni lazima akuonyeshe. Omba kwa adabu: "Karibu, naomba nione cheti chako kwanza niandike jina." Aliye halali hatakasirika. Mimi nilikuwa nakitoa kabla sijaulizwa. Kama duka lako ni sehemu ya nyumba unayolala, sehemu ya makazi haingiliwi hivi hivi. Anahitaji ridhaa yako au hati ya mahakama.

Na hili mliandike ukutani: faini haitozwi dirishani. Faini inatolewa na hakimu. Afisa anaweza kukushtaki, anaweza kubeba ushahidi, hawezi kupokea pesa ya faini mkononi. Anayetaja kiasi na kukuambia mmalizane anaomba rushwa, na mlango wa kumshtaki ni Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

Lakini nawe nikuambie jambo kwa upendo. Walikupata kwa sababu pakiti ilikuwa wazi. Mtu anayekukuta huna kosa hana bei ya kukutajia.

Sheria_MwakaWaNne

Naongeza kidogo kwa anayesema sheria hizi zimekaa vitabuni tu.

Kanuni za Kudhibiti Tumbaku za 2014 zilipotoka, kampuni ya sigara ya BAT Kenya ilikwenda mahakamani kuzipinga. Walipinga mambo mengi: maonyo ya picha, kutakiwa kueleza kilichomo ndani ya bidhaa, mipaka ya mikutano kati ya kampuni na watumishi wa umma, na mchango wa asilimia 2 unaotozwa watengenezaji na waagizaji. Mahakama Kuu iliamua 2016, kanuni nyingi zikabaki. Wakakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikawakatalia Februari 2017. Wakapanda hadi Mahakama ya Juu, nayo ikawakatalia Novemba 2019. Miaka mitano tangu kanuni zichapishwe. Kampuni kubwa haitumii mawakili miaka mitano kupigana na karatasi isiyo na nguvu. Ukiona kitu kimepiganiwa hivyo, jua picha ile kwenye pakiti inafanya kazi.

Ndiyo maana naona mzee Afisa ameligusa penyewe. Watu walisimama mahakamani miaka yote hiyo kuitetea picha, halafu sisi dirishani tunaificha chini ya kaunta na kumpa mteja kijiti.

Halafu mteja anayewasha papo hapo dirishani. Kuvuta mahali pa umma ni kosa la mvutaji, faini hadi shilingi 50,000 au kifungo hadi miezi sita, au vyote viwili, na mwenye mahali naye ana wajibu wake wa kutoruhusu. Kile kiberiti cha kamba kinamwalika mtu avutie pale pale, mbele ya foleni ya watoto wanaonunua mkate. Ningekitoa.

Busia_Mpakani

Salamu kutoka Busia. Sisi huku tunaishi na sheria mbili, unavuka geti na miaka inabadilika. Upande wa Uganda, sheria yao ya 2015 imeweka umri wa kuuziwa kuwa miaka 21, si 18. Moja moja hairuhusiwi. Kupanga pakiti zionekane dukani hairuhusiwi, zinatakiwa zifichwe. Shisha na sigara za kielektroniki zimepigwa marufuku moja kwa moja.

Je, upande ule watu hawauzi moja moja? Wanauza, sitadanganya. Lakini kuna tofauti nimeiona kwa macho. Pakiti zisizoonekana zinamfanya mtoto aingie dukani asikutane nazo kila siku kama anavyokutana na biskuti. Huku kwetu zimepangwa nyuma ya muuzaji, ndicho kitu cha kwanza kinachoonekana kwa anayesubiri chenji. Ningependa na sisi tufike huko.

Mtaa_wa_Sinza

Tupo tunafuatilia kutoka Dar. Na kwetu Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya 2003 inakataza kuwauzia walio chini ya miaka 18, na watoto wanatumwa vilevile. Nikiwa mdogo nilitumwa, tena nilikuwa najisikia mkubwa kubeba sigara ya babu na chenji yake bila kuiangusha. Mkuu mleta mada, nadhani shida ya huyo mzee haiko kwenye sigara. Kumkatalia mtoto wa mtu aliyetumwa ni kama kumkatalia mzazi usoni. Ukimwendea, anza na hapo.

Mvutaji_Miaka19

Nimesoma yote na nimeona niandike, ingawa huwa nasoma tu.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na tatu. Sikuwahi kununua pakiti mpaka nilipopata ajira. Nilianza na moja, kwa shilingi nilizobaniwa kwenye nauli, kwenye kibanda ambacho muuzaji aliniita jina langu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiniuliza mama hajambo huku ananipa. Kama siku ile angeniambia ninunue pakiti nzima nisingeweza hata kwa mwezi, na huenda hamu ingepita kama zinavyopita hamu nyingine za umri ule.

Na nikitaka kuacha, kinachonirudisha si pakiti. Nimeshatupa pakiti chooni mara kadhaa. Kinachonirudisha ni kwamba kati ya nyumbani na kituo cha matatu kuna vibanda vinane, na kila kimoja kinaweza kunipa moja kwa sarafu iliyo mfukoni. Moja haionekani kama kuvunja ahadi. Jioni nimeshavunja mara sita.

Jumla_Kongowea, ndugu yangu, nimekuelewa kuhusu mjenzi anayelipwa jioni. Mimi ni huyo mjenzi. Nakuambia kwa heshima: usinihurumie kwa kuniuzia moja.

Jumla_Kongowea

Nimekusoma, ndugu. Sina la kujibu hapo. Ahsante kwa kuandika.

Mwana_Kuria

Kwetu Migori tumbaku ilikuwa shambani, si dukani. Nilikua nikishona majani kwenye fito kabla ya kwenda shule, baadaye yanaanikwa kwenye banda na moto unawashwa chini. Kuni zilimaliza miti ya kilima chote cha nyuma ya kwetu. Asubuhi yenye umande tukivuna majani mabichi tulikuwa tunatapika na kichwa kinazunguka, mama akidhani ni malaria. Baadaye ndipo nilipojua kwamba nikotini inapita kwenye ngozi yenye unyevu.

Wakulima baadhi huko wameanza kuhama. Tangu 2022 kuna mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na serikali wa kuwasaidia kulima maharagwe yenye madini ya chuma badala ya tumbaku, na kununuliwa mavuno yao. Nimelisema hili kwa sababu mleta mada alivyoeleza mtoto wa jirani nimejiona mimi. Shambani mtoto, dukani mtoto. Mtu mzima katika safari yote ya jani lile anakaa kibarazani anasubiri kuletewa.

MamaWaWatatu

Mwana wa Kuria umenitoa machozi.

Nina swali jingine kwa mzee Afisa. Kuna vile vikopo vidogo vya vimfuko vya nikotini, vinawekwa kwenye ufizi, vina ladha ya mnanaa na matunda. Mwanangu wa sekondari anasema darasani wanavyo. Muuzaji aliniambia hiyo si tumbaku, ni halali.

Afisa_Mstaafu

Mama, wauzaji huambiwa hivyo na wanaowaletea. Bidhaa hizo zilileta mvutano mkubwa. Mwaka 2020 Wizara ya Afya ilipinga jinsi zilivyokuwa zimesajiliwa chini ya sheria ya dawa. Na Muswada wa Marekebisho ya Sheria ya Tumbaku wa 2024 ulipelekwa Seneti kwa nia ya kuziweka bidhaa hizi mpya, pamoja na sigara za kielektroniki, ndani ya uzio uleule wa sigara.

Kwa mwenye duka ushauri wangu ni mfupi. Nikotini ni nikotini. Kama hungempa mtoto sigara, usimpe kikopo kile, hata muuzaji wa jumla akuapie. Kwako wewe mama, nenda shuleni ukaongee na mwalimu mkuu mapema. Ladha zile ni za kuwavutia wenye umri wa mwanao.

Bwana_Mtaa

Nimekuwa kimya siku mbili nikiusoma uzi huu. Mzee Afisa, lile la "anayekukuta huna kosa hana bei ya kukutajia" nimelala nalo. Naomba maneno ya tangazo la ukutani, nataka nichapishe.

Afisa_Mstaafu

Yapo ya muundo rasmi kwenye ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo, nenda uyaombe, usibuni yako. Wakikuambia yameisha, waombe wakuandikie tarehe ya kurudi. Na ukienda, chukua na ya jirani yako wa kuvuka barabara.

DukaLaKisauni (mleta mada)

Wanajamvi, nimerudi. Kwanza niwashukuru wote, na mzee Afisa Mstaafu, Mungu akulipe.

Nimefanya hivi. Jumatatu nimekwenda ofisi ya afya nikapata tangazo, liko juu ya mizani. Kiberiti nimekifungua kwenye kamba. Ile pakiti iliyokuwa wazi niliimalizia Jumatatu hiyohiyo, sikuitupa, nasema ukweli. Baada ya hapo sijavunja nyingine. Wa boda wawili wamenihama. Mmoja alisema nimejifanya mkubwa, mwingine alicheka tu akaondoka. Mauzo ya jioni yamepungua na nayaona kwenye daftari, Jumla hakukosea. Nimeanza kuuza chai ya tangawizi na mahamri dirishani kuanzia alasiri, na ile saa ya watu kurudi kutoka kazini imeanza kupata sauti tena, ingawa bado haijafika nilipokuwa.

Kwa mzee nilikwenda Jumatano, kama alivyosema ndugu wa Sinza. Nilianza kwa kumwomba radhi kwamba nilimrudisha mtoto bila kumtafuta yeye kwanza, tena baada ya mimi mwenyewe kumzoesha. Halafu nikamweleza nilichokiona nyuma ya ukuta. Hilo alikuwa halijui. Alinyamaza kitambo, akasema tu, "Haya, nimesikia."

Jana baada ya Isha amekuja mwenyewe. Akasema nimpe mbili. Nikamwambia, mzee wangu, sivunji tena, zipo pakiti. Nilidhani ataondoka. Akahesabu pesa, akachukua nzima, lakini hakuondoka. Aliigeuza chini ya taa ya dirisha, akaisogeza karibu na macho, akaitazama ile picha.

"Hii imewekwa lini?"

Nikamwambia, tangu 2016.

"Mimi huwa naletewa mbili kiganjani," akasema. "Kabla ya huyu alikuwa akiniletea kaka yake."

Akaitia mfukoni mwa kanzu. Akanunua peremende moja, akanipa mkono kwa salamu ya sawasawa, akaenda zake.